Ukijaza kifusi bondeni, maji ya mto yatapanda kiasi gani? Mwongozo wa kupima kabla ya kujenga

Masika yakikaribia, malori ya kifusi huongezeka mabondeni Dar es Salaam. Mwenye kiwanja humwaga tripu ishirini, akashindilia, akajenga ukuta wa mawe upande wa mto, na mvua ikinyesha uani kwake panabaki pakavu. Nyumba ya ng'ambo, ambayo kwa miaka kumi maji yaliishia uani, safari hii maji yanapanda hadi kitandani. Wote wawili watakwambia mvua ya mwaka huu imezidi. Mara nyingi mvua haikuzidi. Nafasi ya maji kupita ndiyo iliyopungua.

Kiasi cha kupanda huko kinaweza kuhesabiwa kabla lori la kwanza halijamwaga, na hesabu yake ya awali haihitaji zaidi ya vipimo sahihi, kikokotoo na uvumilivu. Mwongozo huu ni kwa mhandisi anayeanza kazi, ofisa mipango miji, kamati ya mtaa, na hata mwenye kiwanja anayetaka kujua ukweli kabla ya kutoa pesa zake. Mfano wangu ni Mto Msimbazi, kwa kuwa kila tatizo nitakalolitaja liko pale. Namba za mkato wa mto nitakazozikokotoa ni za kufundishia tu. Usizibebe ukazipeleka kwenye kiwanja chako.

Mto tunaouzungumzia

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza jiji, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda. Juu ni mwembamba na una kasi. Ukifika Jangwani bonde linafunguka, mteremko unapungua, na mchanga wote uliobebwa kutoka juu unatua hapo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi pale Jangwani kwa sababu ya maji, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni humo imefuatwa na mafuriko zaidi ya mara moja.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo ina katazo kama hilo. Wengi huishia kwenye namba hiyo: wakiwa mita 65 wanaona wameshavuka salama. Lakini bonde la Jangwani lina upana wa mamia ya mita. Kuwa nje ya mita 60 hakumaanishi kuwa nje ya mafuriko. Kwa hiyo hata kama kiwanja kina hati na kibali, hesabu ya maji bado inakudai.

Hatua ya 1: Elewa kifusi kinachukua nini

Wakati wa mafuriko, bonde linafanya kazi mbili. Ya kwanza ni njia: maji yaliyozidi uwezo wa mkondo hutembea juu ya bonde kuelekea baharini. Ya pili ni ghala: maji hutulia bondeni kwa muda, kisha hurudi mtoni taratibu, na hivyo kilele cha mafuriko hupungua kwa walioko chini. Kifusi hupunguza njia, na athari yake huonekana zaidi upande wa juu wa mto na ng'ambo yake. Kifusi hicho hicho hupunguza ghala, na athari ya hilo huwaangukia walioko chini. Ripoti inayozungumzia jambo moja tu kati ya haya mawili, irudishe.

Hatua ya 2: Waulize waliokuwepo

Kabla ya kufungua kompyuta, tembea. Kumbukumbu za maji ziko kwenye kuta za nyumba na vichwani mwa watu, na kwenye vijito vyetu vingi visivyo na kipimo cha maji hazina mbadala.

Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa akupe mjumbe wa kukuongoza, kisha ingia nyumba kwa nyumba. Salimia, kaa, halafu uliza: "Shikamoo bibi. Maji ya mwaka 2018 yaliishia wapi hapa kwako?" Usiridhike na jibu la "yalifika dirishani". Mwombe aweke mkono ukutani pale yalipofika. Weka alama ya chaki, piga picha, na baadaye mpimaji apime mwinuko wa alama hiyo. Uliza maji yaliingia saa ngapi na yaliondoka saa ngapi, kwa maana muda huo ndio utakaokusaidia kwenye suala la ghala. Uliza pia yalitokea upande gani: mtoni au kwenye mtaro wa barabara? Nyumba nyingi hufurika kwa mtaro ulioziba, na alama ya namna hiyo ukiichanganya na za mto inaharibu hesabu yote.

Watu hukumbuka matukio kuliko tarehe. Mtu akisema "mwaka mwanangu alioanza darasa la kwanza", mwulize mtoto ana umri gani sasa. Tafuta angalau alama tatu kwa kila kipande cha mto. Mbili zikilingana na ya tatu ikatofautiana kwa nusu mita, rudi ukaiulize tena hiyo ya tatu. Huenda ni maji yaliyorushwa na gari, au nyumba ilijengwa upya kwa msingi wa juu zaidi.

Jijini Dar es Salaam kazi hii imerahisishwa na Ramani Huria, ambapo wanafunzi na wakazi wamechora ramani za mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika. Anzia huko kabla hujarudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Hatua ya 3: Pima mikato ya mto

Mkato ni mstari unaovuka bonde zima, kutoka ardhi kavu ya upande huu hadi ardhi kavu ya upande ule, ukipita kwenye sakafu ya mto. Upimwe kwa leveli na stafu, au kwa GPS ya wapima ardhi, na uunganishwe na alama ya kudumu ya upimaji ili mwinuko wake ulingane na ule wa alama zako za ukutani.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Data za mwinuko za setelaiti zinazopatikana bure, zenye gridi ya mita 30, huweza kukosea kwa mita kadhaa, na mjini husoma mapaa na miti kana kwamba ni ardhi. Sisi tunatafuta tofauti ya sentimita. Kutumia data hizo kwa kazi hii ni sawa na kupima unga wa mandazi kwa mizani ya magunia. Droni hufaa kwa bonde lililo wazi, lakini haioni chini ya maji wala chini ya matete, kwa hiyo sakafu ya mto lazima mtu aingie akaipime.

Pima mkato kila mita 50 hadi 100 palipo na kifusi, kisha endelea upande wa juu wa mto. Mwinuko wa maji unaosababishwa na kizuizi hurudi nyuma kuelekea juu ukipungua kidogo kidogo; mto wenye mteremko wa mita 1 kwa kilomita na kina cha mita 3 unaweza kuonyesha athari umbali wa kilomita 2. Wengi hupima kiwanja chao tu, na ndiyo maana wengi hupata jibu kwamba "hakuna athari".

Kama kifusi kimeshamwagwa, itabidi uijue ardhi ya asili. Chimba mashimo ya majaribio. Utapita matofali, plastiki na mchanga mwekundu, mpaka ufike kwenye udongo mweusi wa bonde, wenye mizizi. Mwinuko wa hapo ndio "kabla" yako. Picha za zamani za Google Earth zitakusaidia kujua ujazaji ulianza mwaka gani.

Hatua ya 4: Tafuta kiasi cha maji

Kwa kijito chenye kidakio kidogo (eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia kwenye kijito hicho) cha kilomita za mraba chache, tumia kanuni rahisi: Q = 0.278 × C × i × A. Q ni mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na A ni eneo kwa kilomita za mraba. Kidakio cha kilomita za mraba 3, C ya 0.6 na mvua ya milimita 60 kwa saa vinatoa mita za ujazo 30 kwa sekunde. Ukali wa mvua upate kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uchague kwa kufuata muda ambao maji hutumia kutoka mwisho wa kidakio hadi kwako. Kwa C, chagua ya mji utakavyokuwa baada ya miaka ishirini, wakati viwanja vimeshafunikwa kwa paa na pavingi.

Msimbazi wenyewe ni mkubwa mno kwa kanuni hiyo. Mto wa namna hiyo unahitaji modeli ya mvua na mtiririko, yaani programu ya kompyuta kama HEC-HMS, ambayo hupakuliwa bure. Ipo pia mbinu iliyotayarishwa mahsusi kwa Afrika Mashariki na maabara ya barabara ya Uingereza, TRRL, mwaka 1976. Bado inafaa kama kipimo cha pili cha kulinganisha.

Usikokotoe mafuriko ya aina moja tu. Chukua ya miaka 5, ya 25 na ya 100. Mafuriko ya miaka 100 ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa nyumba itakayokaa miaka 30 uwezekano wa kuyaona unafika asilimia 26. Ya miaka 5 nayo yasidharauliwe. Hayo ndiyo yanayoamua kama mama lishe wa ng'ambo atapoteza meza na unga wake mara moja katika maisha au kila baada ya masika machache.

Hatua ya 5: Kokotoa kabla na baada

Tuchukue mkato wa mfano. Mkondo una upana wa mita 20 na kina cha mita 2 hadi ukingoni. Kila upande kuna bonde tambarare la mita 90. Mteremko ni 0.001. Kanuni ya Manning inasema:

Q = (1/n) × A × R^(2/3) × S^(1/2)

A ni eneo la maji kwenye mkato, R ni eneo hilo ukiligawanya kwa urefu wa ardhi iliyoguswa na maji, S ni mteremko, na n ni namba ya ukinzani, yaani jinsi ardhi na mimea inavyokwamisha maji. Kwa mkondo wa mchanga wenye majani kidogo nimechukua 0.035, kwa bonde lenye vichaka, migomba na uzio, 0.08. Kokotoa mkondo na kila upande wa bonde peke yake, kisha jumlisha. Ukivichanganya vyote kwenye hesabu moja utapata jibu la uongo.

Kabla ya kifusi, maji yakiwa mita 1.2 juu ya bonde, mkondo unapitisha mita za ujazo 111 kwa sekunde na kila upande wa bonde takriban 48. Jumla ni 207. Bonde linalodharauliwa kuwa "pori tu" linabeba karibu nusu ya mafuriko.

Sasa mtu mmoja anajaza mita 60 kati ya zile 90 za upande wa kulia. Maji yanayokuja ni yale yale, 207. Jaribu kina kimoja baada ya kingine hadi jumla irudi 207. Ukijaribu mita 1.4 unapata 205, ukijaribu 1.5 unapata 221. Jibu liko kwenye 1.41. Maji yamepanda sentimita 21.

Hesabu hii inachukulia kwamba kifusi ni kirefu kufuata mto. Kifusi kifupi kina tabia nyingine: maji hubanwa yanapoingia na kutawanyika yanapotoka, na upotevu huo wa nguvu ya maji kanuni ya Manning peke yake haiuoni. Hapo ndipo modeli inapohitajika.

Hatua ya 6: Jaza kwa niaba ya wote

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Jirani wa upande wa kushoto akiona mwenzake kajaza, naye atajaza mita 60. Ana haki ile ile. Rudia hesabu: kila upande umebakiwa na mita 30 za bonde. Ili 207 zipite, maji sasa yanahitaji mita 1.78 juu ya bonde. Yamepanda sentimita 58.

Tazama vizuri. Wa kwanza alileta sentimita 21. Wawili hawakuleta 42, wameleta 58. Kila anayefuata huongeza zaidi ya aliyemtangulia, kwa kuwa anabana nafasi iliyokwisha kubanwa. Kasi ya maji mkondoni nayo imepanda kutoka mita 1.74 kwa sekunde hadi karibu 1.94, na kingo za mchanga zitaanza kumeguka.

Kwa hiyo tathmini ya kiwanja kimoja isiishie kwenye "kabla" na "baada". Iwe na safu ya tatu: hali itakavyokuwa kila mwenye kiwanja kama hicho akiruhusiwa kufanya vile vile. Wamarekani waliliona hili zamani. Kanuni zao za mafuriko hutenga njia ya maji katikati ya bonde, na ujazaji wote wa pembeni ukijumlishwa hauruhusiwi kupandisha maji zaidi ya futi moja, yaani takriban sentimita 30. Ndani ya njia yenyewe huruhusiwi kupandisha hata kidogo. Kwangu mimi futi moja ni nyingi mno mahali ambapo vizingiti vya milango viko sentimita 15 juu ya uwanja.

Hatua ya 7: Hesabu ghala lililopotea

Kifusi cha mfano kikiwa na upana wa mita 60 na urefu wa mita 300, maji yakiwa na kina cha 1.2, ghala lililopotea ni mita za ujazo 21,600. Kwa mtiririko wa 207, maji hayo hupita ndani ya dakika mbili tu. Wakili wa mwenye mradi atalishika hilo, na kwa kiwanja kimoja atakuwa na hoja. Lakini kingo zote mbili zikijazwa kwa kilomita 2, ghala linalopotea ni 288,000, sawa na dakika 23 za kilele kizima. Kwenye mto mfupi wa mjini, ambako kilele hudumu saa chache tu, hicho si kiasi cha kupuuza. Hapa ndipo zile saa ulizowauliza wakazi zinapokulipa.

Hatua ya 8: Daraja, mchanga na bamvua

Mambo matatu hubadilisha majibu ya mto kama Msimbazi. Kwanza, madaraja na makalvati: pima upana na urefu halisi wa tundu lililo wazi leo, pamoja na takataka zilizonasa, badala ya kunakili mchoro wa ujenzi. Pili, sakafu ya mto hupanda kwa mchanga. Mkato uliopimwa miaka mitano iliyopita huenda unaonyesha mto ambao haupo tena, kwa hiyo kokotoa pia hali ya sakafu ikiwa juu kwa nusu mita. Tatu, bahari. Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu) huzidi mita 3, na kilele cha mafuriko kikikutana na maji kujaa, sehemu ya chini ya mto haina pa kumwaga. Kwenye modeli weka mwisho wa chini kwa maji ya bamvua yaliyojaa, kisha rudia kwa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo, uone athari ya bahari inaishia wapi.

Hatua ya 9: Jenga modeli, uiaminishe kwanza

HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani ni ya bure na inatosha kwa kazi hii. Ingiza mikato, madaraja na mtiririko. Kisha, kabla hujaweka kifusi chochote, iendeshe kwa mafuriko ambayo alama zake unazo ukutani. Ikikupa maji sentimita 40 juu ya alama za wakazi, tatizo liko kwenye modeli. Rekebisha ukinzani ndani ya mipaka inayoeleweka, kagua kiasi cha maji, rudi ukatazame daraja. Ukifika ndani ya sentimita 10 au 15, endelea.

Hapo ongeza kifusi bila kugusa kitu kingine. Anayebadilisha kifusi na ukinzani kwa wakati mmoja anaweza kupata jibu lolote analotaka. Nimewahi kukabidhiwa ripoti ambayo bonde la "baada" lilikuwa limefyekwa vichaka vyote kimyakimya, na kwa hiyo maji yalionekana kushuka.

Hatua ya 10: Toa jibu kwa vizingiti

"Sentimita 21 kwenye mkato namba 7" haimwambii mtu kitu. Pima mwinuko wa vizingiti vya nyumba zilizo ndani ya eneo la athari, kisha andika: kwa mafuriko ya miaka 5, nyumba ngapi zinaingia maji leo, ngapi zitaingia baada ya kifusi, na ngapi kila mtu akijaza. Weka jedwali hilo ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, libandikwe pia ofisi ya serikali ya mtaa.

Athari ikizidi, njia zipo. Punguza upana wa kifusi. Mita za karibu na mkondo ndizo ghali zaidi kwa maji. Inua jengo kwa nguzo, lakini acha matundu mapana, maana matete na plastiki huziba nafasi nyembamba kwa mvua moja. Au fidia kwa kuchimba ardhi nyingine ya karibu, ujazo ule ule na kwenye mwinuko ule ule. Waingereza husisitiza hilo la mwinuko, na wana sababu: shimo lililochimbwa chini ya maji ya kawaida ya mto huwa limeshajaa siku mafuriko yanapofika. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, una wazo hilo ndani yake: kupanua na kuchimba katikati ya bonde, kuacha hifadhi ya wazi, na kuinua ardhi ya pembeni tu.

Ukimaliza, paka rangi kipimo cha sentimita kwenye nguzo ya daraja lililo karibu, sifuri yake ikiwa imefungwa kwenye alama ya upimaji. Mkabidhi mjumbe daftari, kalamu na namba yako ya simu, aandike saa na usomaji kila mvua kubwa inaponyesha. Masika yakiisha, lifuate daftari, uliweke kando ya modeli, urekebishe ulipokosea.